Mama Kijacho, Usihangaike na Paka Peke Yake

Mwanamke akipata ujauzito Chang'ombe ya Dodoma, ushauri humfikia kabla hajafika kliniki. Mmoja atamwambia asile mayai, mwingine asikae mlangoni, na siku hizi kuna wa tatu aliyesoma kitu kwenye simu: "Huyo paka aondoke, ataharibu mimba." Paka anatiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa mbali, na watu wa nyumba hiyo wanalala wakiamini hatari imekwisha. Jioni ileile mama anaonja chumvi kwenye nyama ya kusaga ambayo haijaona moto. Kesho yake anabandua karanga zilizotoka shambani na kuzitafuna huku udongo ungali kwenye vidole. Jumamosi analetewa mbuzi wa kuchoma kutoka mnadani, nje amebabuka, kwenye mfupa bado mwekundu.

Ugonjwa wanaouogopa upo kweli. Unaitwa toksoplasmosisi, na mjamzito akiupata kwa mara ya kwanza unaweza kumfikia mtoto tumboni. Lakini paka ni mlango mmoja tu kati ya kadhaa, na mara nyingi si ule mpana zaidi. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wajawazito katika miji sita ya Ulaya. Nyama isiyoiva vizuri ndiyo iliyoongoza kwa kuleta maambukizi, udongo ukafuata, na kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Huku kwetu mapishi na maisha ni tofauti, lakini funzo linatufaa: kinga yenyewe iko kwenye chungu, kwenye beseni la kuoshea mboga na kwenye mikono. Kliniki zetu hazimpimi kila mjamzito ugonjwa huu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabaki nyumbani.

Kimelea kinavyotembea

Toksoplasma ni kimelea cha seli moja kilichogunduliwa mwaka 1908. Ilichukua miaka zaidi ya sitini kujulikana kwa uhakika kwamba ndani ya paka na jamaa zake ndimo kinamozaliana na kutoa mayai. Paka huambukizwa akila panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Baada ya hapo hutoa mayai kwa mamilioni kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, kisha kwa kawaida huacha. Ndiyo maana paka mdogo anayeanza kuwinda ni wa kuangaliwa zaidi kuliko paka mzee aliyekaa nyumbani miaka mingi.

Mayai hayo hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Yakishakomaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, yanaweza kukaa hai zaidi ya mwaka mmoja. Jua kali na ukame huyafupishia maisha, lakini Dodoma nayo ina masika yake, ina bustani zinazomwagiliwa, ina kivuli cha ukuta na kona ya bafu isiyokauka.

Mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku wa kienyeji huyaokota mayai hayo wanapokula majani au kuchakura ardhini. Ndani yao kimelea hujificha kwenye misuli kwa vifuko vidogo ambavyo jicho halioni. Mnyama haonekani mgonjwa, na nyama haina harufu wala rangi ya kukuonya. Hata mkaguzi wa nyama machinjioni hawezi kuviona. Kwa hiyo muhuri kwenye paja la mbuzi ni jambo jema kwa magonjwa mengine, ila kwa hili moto ndio mkaguzi wa mwisho.

Binadamu huambukizwa kwa kula vifuko hivyo kwenye nyama, au kumeza mayai yaliyoko kwenye udongo, mboga na maji. Manyoya ya paka hayana kosa. Mtu hamwambukizi mwenzake kwa kukohoa, kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Njia ya mtu kwa mtu ni mama kwenda kwa mtoto tumboni, na mara chache damu ya kuongezewa au kiungo cha kupandikizwa.

Ukubwa wa hatari

Utafiti uliofanyika kliniki ya wajawazito jijini Mwanza na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima wanawake 350. Karibu 31 kwa kila mia walikuwa na kingamwili, yaani walishawahi kukutana na kimelea. Dar es Salaam, utafiti wa mwaka 1995 ulikuta 35 kwa mia. Wengi huzisoma namba hizi kwa hofu, kumbe aliyeambukizwa zamani, kabla ya kushika mimba, kwa kawaida amekwisha kupata kinga na mtoto wake yuko salama. Wa kulindwa zaidi ni wale theluthi mbili ambao hawajawahi kuambukizwa, kwa sababu wao wanaweza kuupata kwa mara ya kwanza mimba ikiwa tayari tumboni.

Hatari hubadilika kadiri mimba inavyokua. Mama akiambukizwa wiki ya 13, uwezekano wa kimelea kuvuka kondo la nyuma ni kama 15 kwa mia. Wiki ya 26 hufika kama 44, na wiki ya 36 kama 71. Madhara yenyewe huenda kinyume chake. Maambukizi ya mwanzoni huvuka mara chache, lakini yakivuka huumiza zaidi: mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, kichwa kujaa maji, ubongo kupata makovu. Yale ya mwishoni huvuka mara nyingi, na mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha miaka baadaye macho yakaanza kusumbua.

Mama mwenyewe mara nyingi hasikii chochote. Wachache hupata homa ndogo, uchovu na tezi za shingo kuvimba bila maumivu makali. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria na magonjwa mengine mengi, usikae ukisubiri mwili ukuambie. Jikinge tangu siku unayojua una mimba, na kama unapanga kubeba, anza hata kabla.

Nyama: hapa ndipo pa kuanzia

Vifuko vya kimelea hufa nyama ikifika joto la nyuzi 67 za Selsiasi hadi katikati. Jikoni kwetu hakuna kipimajoto, kwa hiyo tumia macho. Kata kipande kinene zaidi, au kile kilichoshikana na mfupa. Kama ndani kuna wekundu au uwaridi, kirudishe motoni. Maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na damu. Kuku wa kienyeji mkate kwenye kiungo cha paja, maana hapo ndipo wekundu hujificha. Mchuzi uliochemka muda mrefu, supu ya kongoro, utumbo uliochemshwa hadi ukalainika, hivi havina shida.

Shida iko kwenye kuchoma. Moto wa mkaa hukausha nje haraka huku ndani pakiwa na uvuguvugu tu. Mnada wa Msalato unajulikana kwa nyama choma, na hakuna sababu ya kumnyima mama kijacho raha hiyo. Fuateni haya:

Nyumbani, chemsha kwanza nyama hadi iive, ndipo uimalizie kwenye mkaa ipate ladha ya moshi. Inakuwa laini pia.

Mnadani, mwambie mchomaji mapema kwamba ya mjamzito iive kabisa. Achague mbavu au vipande vyembamba, si paja zima, na asikatie nyama iliyoiva kwenye gogo lile lile lenye damu ya nyama mbichi. Kama foleni ni ndefu na mchomaji ana haraka, chukua supu.

Mishikaki iwe ya vipande vidogo na isibanane kwenye kijiti. Maini yaliyopitishwa motoni mara mbili tu, nje kahawia ndani damu, waachie wengine mpaka ujifungue. Kitimoto nacho hakina msamaha: kikaangwe mpaka kiive ndani, na faida yake ni kuepuka tegu pia.

Usionje chumvi kwenye nyama mbichi. Anayetengeneza sambusa au kababu akaange kijiko kimoja cha mchanganyiko pembeni, aonje hicho. Nyama iliyoanikwa juani bila kupikwa ihesabiwe ni mbichi, ipikwe upya.

Kugandisha husaidia: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa huua vifuko vingi. Lakini friji ya nyumbani ambayo umeme wake hukatika, au friza ya duka inayofunguliwa kila dakika, usiiwekee dhamana. Hata nyama iliyoganda ipike kikamilifu.

Kisha mikono na vyombo. Kisu na kibao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla havijakata kachumbari. Kama una uwezo, kuwe na vibao viwili, kimoja cha nyama, kingine cha mboga na matunda. Asiye na uwezo huo abadili mpangilio wa kazi: kachumbari ikatwe kwanza na kufunikwa, nyama ifuate. Hili halina gharama hata ya shilingi moja. Ukiwa umeshika nyama mbichi usijifute jicho wala kulamba kidole, na kama mkononi una kidonda, vaa glavu au mpe mwingine kazi hiyo.

Maziwa ya mbuzi au ng'ombe yachemshwe hadi yapande, hata kama aliyekuletea ni mjomba na mnyama unamjua. Maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kuwa na kimelea hiki, na maziwa mabichi kwa jumla huleta brusela, ugonjwa mwingine ambao nao huharibu mimba.

Mboga, matunda na maji ya mgao

Mayai ya toksoplasma ni sugu. Chumvi, siki na ndimu haviyaui, na hata dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa haitegemewi kuyaua, japo ni muhimu kwa kipindupindu na vijidudu vingine. Mambo mawili ndiyo yanayofanya kazi: moto, na maji yanayotiririka yakaondoa udongo.

Kwa mboga za majani, tabia yetu ya kupika tayari ni kinga. Mchicha, matembele, majani ya kunde, mlenda, vyote huchemka. Hata mlenda uliokaushwa na kusagwa huingia kwenye maji ya moto. Wasiwasi ni kwa vinavyoliwa vibichi: kabichi ya kachumbari, karoti, nyanya, hoho, pilipili, giligilani. Mahali ambapo huna uhakika wa uoshaji, kama kwenye kibanda cha chipsi, mwambie muuzaji asikuwekee kachumbari.

Maji Dodoma ni ya mgao, na nyumba nyingi za Chang'ombe hununua kwa dumu. Kumwambia mama aoshe mboga chini ya bomba linalotiririka wakati bomba halitoi ni kumdhihaki. Fanya hivi kwa ndoo moja ndogo: ng'oa mizizi na ukung'ute udongo nje kabla hujaingia jikoni. Loweka majani kwenye beseni, uyasugue jani kwa jani, uyatoe kwa mikono badala ya kumwaga maji pamoja nayo, ili udongo ubaki chini. Rudia kwenye beseni la pili. Mwisho yainue kidogo kidogo juu ya beseni huku mtu akimimina maji safi kwa kata. Maji ya beseni la pili yanaweza kufanya loweko la kwanza la fungu linalofuata, na yale machafu kabisa yakamwagie mti.

Zabibu ni sifa ya Dodoma, na msimu ukifika huwezi kumzuia mama kijacho asizile. Shada zima likilowekwa halisafishiki katikati, maana punje zimebanana. Chambua punje kwanza, zioshe zikiwa moja moja, suuza kwa maji ya kumimina, ndipo ule. Embe, papai, tikiti na nanasi vioshwe ganda kabla ya kumenywa, la sivyo kisu husukuma udongo wa ganda hadi ndani.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa. Ndoo na mapipa yawe na mifuniko, ili vumbi lisiingie wala paka asinywe humo. Kama mkaa hautoshi kuchemsha maji ya nyumba nzima, chemsheni ya mama kwanza. Na pale maji yanapokuwa haba, mpangilio wa matumizi uwe huu: mikono ya mpishi, mboga za kula mbichi, kisu na kibao, halafu mengine. Kudeki sebule kunaweza kusubiri kesho.

Udongo, uwanja na lundo la mchanga

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ujenzi haujasimama. Karibu kila mtaa una lundo la mchanga linalosubiri fundi. Paka anapenda mchanga laini wa kufukua, kwa hiyo lundo hilo hugeuka choo chake, na watoto hulifanya uwanja wa kuchezea. Lifunike kwa turubai au viroba vilivyoshonwa pamoja, ukiegemeza mawe pembeni. Watoto wakitoka kucheza wanawe mikono kabla hawajamshika mama yao au kuchota chakula sahani moja naye.

Kufagia uwanja asubuhi hutimua vumbi, na vumbi huishia mdomoni. Nyunyiza maji kidogo kwanza, hata yale ya kuoshea mboga, kisha ufagie. Afadhali afagie mwingine.

Wakati wa kilimo, mjamzito akienda kupalilia avae viatu vilivyofunika miguu, na glavu kama zipo, za kufulia zinatosha. Asile akiwa shambani mpaka anawe kwa sabuni na kusugua kucha. Tahadhari kubwa ni wakati wa kuvuna karanga, kwa sababu kila mtu hubandua na kula papo hapo. Zipelekwe nyumbani, ziondolewe udongo, zichemshwe au zikaangwe. Viazi vitamu na mihogo mibichi inayotafunwa njiani iingie kwenye sheria hiyohiyo.

Kuna hamu nyingine ambayo wengi huificha: kula udongo. Mjamzito hununua vipande sokoni au kuchokonoa ukuta wa nyumba ya tope. Usimcheke wala kumgombeza, mwambie aende kliniki apimwe wingi wa damu, maana hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Vidonge vya FEFO vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avinywe bila kuruka. Na hamu ikizidi, apewe kitu kingine cha kutafuna: ubuyu, karanga za kukaanga, kipande cha barafu ya maji yaliyochemshwa.

Paka abaki, kwa masharti

Ukimtupa paka wako, panya watarudi kwenye ghala la mtama, na paka shume wa jirani watachukua eneo lake. Hujapunguza kitu. Afadhali paka unayemjua.

Mpe chakula kilichopikwa: ugali na dagaa, makombo yaliyoiva. Usimtupie utumbo mbichi wala vichwa vibichi vya kuku unapochinja. Hapo ndipo mzunguko hudhoofishwa, kwa sababu paka asiyekula nyama mbichi ana nafasi ndogo ya kuambukizwa, ingawa panya atawinda tu.

Kama anajisaidia ndani kwenye beseni la mchanga, lisafishwe kila siku na mtu asiye mjamzito. Kila siku, kwa sababu mayai yanahitaji angalau siku moja kukomaa, na ukiyatoa kabla ya hapo umeyawahi. Kinyesi kitiwe chooni au kifukiwe kwa kina mbali na bustani na kisima, kisha beseni limwagiwe maji yanayochemka. Kama mama yuko peke yake na hakuna wa kumsaidia, avae glavu, atumie beleshi dogo, anawe kwa sabuni mara amalizapo.

Miezi hii si ya kupokea paka mchanga wala kuwabeba paka wa mtaani. Wa kwako unaweza kumgusa, ila nawa kabla ya kula.

Kliniki: uliza nini

Hudhurio la kwanza la kliniki liwe kabla ya wiki 12. Utapimwa VVU, kaswende, malaria, wingi wa damu na mkojo. Toksoplasmosisi kwa kawaida haimo kwenye orodha. Ufaransa na Austria huwapima wajawazito wote, na yule asiye na kinga hurudiwa tena na tena hadi ajifungue. Hapa kwetu daktari huagiza kipimo akiwa na sababu. Kwa hiyo mweleze waziwazi kama lolote kati ya haya linakuhusu: tezi za shingo zimevimba na homa yako si malaria, ultrasaundi imeonyesha kichwa cha mtoto kina maji au ukuaji umesimama, unaishi na VVU na kinga yako imeshuka, au umekuwa ukila nyama mbichi au kushika kinyesi cha paka tangu upate mimba.

Anayeishi na VVU ana jambo la ziada. Kwake hata maambukizi ya zamani yanaweza kuamka kinga ikishuka, yakamuumiza ubongo na mara chache yakamfikia mtoto. Dawa za kufubaza virusi zinywewe kila siku, na septrini kama ameandikiwa, kwa sababu nayo hukinga toksoplasma. Amweleze muuguzi anapokwenda kupewa SP ya kukinga malaria, kwani aliye kwenye septrini hapewi SP.

Kuhusu SP hiyo ya malaria, wengine wamesikia kwamba ndani yake kuna pirimethamini, ambayo pia ni dawa mojawapo ya toksoplasmosisi. Ni kweli. Lakini dozi ya kliniki imepangwa kwa malaria, si kutibu ugonjwa huu. Meza SP yako kwa kufuata kadi, na usiihesabu kuwa ni kinga ya toksoplasma.

Ukishapewa majibu

Hapa ndipo watu wengi hupotezewa fedha. Maabara hutafuta kingamwili za aina mbili. IgG huonyesha kwamba uliwahi kuambukizwa. IgM huelekea kuonyesha maambukizi mapya, ila inaweza kubaki kwenye damu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Basi yasome hivi:

IgG haipo na IgM haipo: hujawahi kuambukizwa, huna kinga. Shika masharti yote ya hapo juu mpaka ujifungue.

IgG ipo na IgM haipo: kama kipimo kimefanyika mapema katika mimba, uliambukizwa zamani. Kwa mwenye kinga nzuri ya mwili, hii ni habari njema na haihitaji dawa.

IgM ipo: usilie na usikimbilie duka la dawa. Kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au tatu kuona kama IgG inapanda, na ikiwezekana kifanywe kile kinachokadiria umri wa maambukizi. Kazi hii ni ya hospitali kubwa, kwa hiyo omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, ukaonane na daktari bingwa wa wanawake.

Mwanamke aliyepoteza mimba mara kadhaa huambiwa na mtu mwenye karatasi ya maabara kwamba "una toksoplasma", kisha akauziwa dawa za miezi. IgG peke yake haielezi mimba zinazotoka mfululizo. Ukiishia hapo, sababu halisi, labda kaswende, kisukari, presha au tatizo la mji wa mimba, inaachwa bila kutafutwa. Dai uchunguzi kamili.

Maambukizi mapya yakithibitishwa, matibabu yapo. Mimba ikiwa changa, madaktari hutumia spiramisini ili kupunguza uwezekano wa kimelea kumfikia mtoto. Baadaye, ikionekana mtoto ameambukizwa, hutumia pirimethamini na sulfadiazini pamoja na asidi ya foliniki. Pirimethamini haitolewi miezi mitatu ya kwanza, na matibabu yote haya huhitaji kufuatilia damu, ndiyo maana si dawa za kujinunulia. Mtoto akizaliwa apimwe damu na macho, na macho yaendelee kuangaliwa kwa miaka hata kama anaonekana mzima. Kunyonyesha kusisimame. Na aliyepata maambukizi nje ya mimba asubiri kama miezi sita kabla ya kubeba.

Kazi zigawanywe

Ukiyasoma masharti haya utaona karibu yote yanamwangukia mtu mmoja: ndiye anayechinja kuku, anayesafisha utumbo, anayefagia, anayepalilia, na ndiye huyohuyo mwenye mimba. Kumpa orodha ya makatazo bila kumpunguzia kazi ni kumwongezea mzigo. Kikao cha familia cha robo saa kinatosha. Baba wa mtoto achukue nyama mbichi: kununua, kukata, kuosha kibao na kisu. Kijana wa nyumbani achukue paka, uwanja na turubai la mchanga. Bibi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kauli jikoni, asimamie kwamba hakuna nyama inayoepuliwa ikiwa nyekundu, na asimlazimishe mkwewe kuonja chochote kibichi kwa heshima ya mgeni.

Mama atafuatilia kadi yake, FEFO zake na tarehe za kliniki. Na kwa kuwa bila kipimo hajui kama yuko kwenye theluthi yenye kinga au kwenye theluthi mbili zisizo nayo, ajihesabu hana. Akija kugundua kwamba alikuwa nayo, hatakuwa amepoteza kitu: maji yaliyochemshwa yamemkinga na taifodi, nyama iliyoiva imemkinga na tegu, maziwa yaliyopanda yamemkinga na brusela, na mume wake amejifunza kuosha kibao.